Kwa nini mama weusi Marekani wanakufa kwa uzazi mara tatu ya wazungu? Na sisi tuliotoka Afrika tumo kwenye hesabu hiyo?

#1 Baba Kijacho (Dallas)
Wakuu, heshima kwenu. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano, ya kwanza kwetu. Kazini kuna dada Mmarekani mweusi, nilipomwambia akanipa hongera halafu akanikazia macho, akasema siku ya kujifungua nisitoke humo chumbani hata kwenda kununua soda. Nikajua ananitania. Nikaingia kusoma mwenyewe na sasa usingizi ndo umekata.

Takwimu za serikali yao wenyewe, CDC (kituo chao cha kudhibiti magonjwa), mwaka 2023: kwa kila vizazi hai 100,000 walikufa mama weusi 50.3, wazungu 14.5, Walatino 12.4, Waasia 10.7. Na msiniambie ni umaskini, maana ripoti yao ya 2019 inaonyesha mweusi mwenye digrii anakufa kuliko mzungu ambaye hata sekondari hakumaliza. Sasa wenye ujuzi nisaidieni, sababu hasa ni nini? Na je, sisi tuliokuja juzi na mabegi yetu tunahesabiwa humo humo au hiyo ni yao wenyewe waliozaliwa huku?

#2 Kiroboto
Nimeshakaa mbele, karanga ziko mkononi. Mbishi wa Tegeta akifika mniamshe.

#3 Mzee wa Takwimu
Namba zako ziko sawa mkuu ila usizisome peke yake. Mwaka 2021 weusi walifika 69.9, hapo Covid ilichangia sana. 2022 ikashuka hadi 49.5 na wazungu 19.0. 2023 wazungu wakashuka tena hadi 14.5, weusi wakabaki pale pale. Yaani pengo limepanuka kwa sababu wenzao wamepona na wao hawajapona.

La pili, kuna ugomvi wa kuhesabu. Kuanzia 2003 vyeti vya vifo vya huko viliwekewa kisanduku cha kutiki kama marehemu alikuwa mjamzito au alijifungua karibuni. Kuna wataalamu mwaka 2024 walisema kisanduku kile kimevimbisha namba, hadi vikongwe walikuwa wanatikiwa. CDC wakawapinga. Lakini hata hao waliosema namba zimevimba, walipopiga hesabu kwa njia yao, mweusi bado yuko juu kwa mbali. Kwa hiyo bishaneni kuhusu ukubwa wa pengo, sio kama lipo.

#4 Mbishi wa Tegeta
Nimefika. Mnataka kuniambia daktari anaamka asubuhi anasema leo naua mweusi? Hii ni mwili. Mweusi ana presha, ana fibroidi, ana sikoseli, na Marekani juu ya hapo kuna unene. Changanya na mimba, unategemea nini? Msilete siasa kwenye damu.

#5 Kiroboto
Ndo huyo sasa 😂

#6 Dada wa Peckham
Mbishi, habari za asubuhi. Mimi niko London. Huku matibabu ya uzazi ni bure, hakuna bima ya kukatwa, na bado ripoti za MBRRACE, wachunguzi wa vifo vya mama na watoto wachanga huku, zilionyesha mama mweusi anakufa mara tano ya mzungu, hiyo ni ile ya 2014 hadi 2016. Ikaja mara nne, na za karibuni ziko kati ya mara mbili na tatu. Kuna dada wawili, Tinuke Awe na Clotilde Abe, mwaka 2019 walianzisha kampeni wakaiita FiveXMore kwa sababu ya hiyo mara tano. Sasa kama ni mwili tu, mwili wa mweusi wa London umebadilika ndani ya miaka kumi?

#7 Mbishi wa Tegeta
Dada umejijibu. Kama mwili haukubadilika na namba imeshuka basi namba zenyewe zinayumba. Vifo ni vichache, ukiongeza watano tu asilimia inaruka.

#8 Mzee wa Takwimu
Kwa Uingereza hapo Mbishi ana hoja kidogo, idadi ni ndogo ndo maana wanajumlisha miaka mitatu mitatu. Kidogo nimesema, usikimbie nayo.

#9 Nesi Zai (Minneapolis)
Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Nafanya kazi wodi ya wazazi. Kwa hoja ya Mbishi ya mwili, kuna utafiti mzuri sana uliwahi kufanyika Illinois na David na Collins, ulitoka 1997. Walichukua uzito wa watoto wachanga, wakawagawa mama makundi matatu: wazungu waliozaliwa Marekani, weusi waliozaliwa Marekani, na weusi waliozaliwa Afrika. Ingekuwa ni damu ya Kiafrika, watoto wa mama waliotoka Afrika ndo wangekuwa wadogo kuliko wote, maana hao hawajachanganyika. Wapi! Watoto wao walikuwa karibu na wa wazungu. Wadogo zaidi walikuwa wa weusi waliozaliwa Marekani.

Ikaja nyingine 2002, wakafuata kizazi kinachofuata. Mabinti wa wazungu waliohamia Marekani, wao walizaa watoto wakubwa kuliko wao wenyewe walivyozaliwa. Mabinti wa wahamiaji wa Kiafrika na visiwa vya Karibi walizaa watoto wadogo kuliko wao walivyozaliwa. Kizazi kimoja tu hicho.

#10 Baba Kijacho
Kwa hiyo mke wangu aliyekulia Moshi akala ndizi yuko salama, ila binti yetu akizaliwa hapa Dallas ndo ataingia kwenye hesabu? Hiyo ndo mnaniambia?

#11 Nesi Zai
Usiruke hivyo. Uzito wa mtoto ni jambo moja, kufa kwa mama ni jingine. Mke wako akifika pale na maumivu hakuna anayemuuliza pasipoti, anaonekana mweusi basi. Mwaka 2016 chuo kikuu cha Virginia waliwauliza wanafunzi wa udaktari na madaktari wachanga wazungu maswali kuhusu mwili wa mweusi. Nusu yao waliamini angalau kitu kimoja cha uongo, mfano kwamba ngozi ya mweusi ni nene zaidi. Na walioamini hayo ndo waliokadiria maumivu ya mweusi kuwa madogo. Hao ni wanafunzi wa mwaka 2016 jamani, sio enzi za mkoloni.

#12 Kanga Moja
Si mnamkumbuka Serena Williams, alipozaa mapacha akawaambia mapafu yanaziba wakamwona amechanganyikiwa. Tajiri yule! Bingwa yule!

#13 Dada wa Peckham
Mapacha ni wa Beyoncé mama 😂 wote walizaa 2017. Beyoncé alipata presha ya mimba akapasuliwa kwa dharura. Serena alizaa mtoto mmoja, Olympia, naye kwa kisu. Kesho yake akaanza kukosa pumzi, na yeye alishawahi kuganda damu mapafuni zamani kwa hiyo alijua. Akamwambia nesi anataka kipimo cha CT na dawa ya kuyeyusha damu. Nesi akadhani ni dawa za maumivu zimemlevya. Wakaanza kwa kumpima miguu kwa ultrasaundi, haikuonyesha kitu, ndo wakampeleka CT na kweli wakakuta damu imeganda mapafuni. Alisimulia mwenyewe kwenye Vogue.

#14 Kanga Moja
Mapacha au mmoja, si hawakumsikiliza? Ndo nilichosema.

#15 Mbishi wa Tegeta
Walimsikiliza, wakampima, akapona. Angekuwa Tegeta saa hizi tungekuwa tunasoma wasifu wa marehemu.

#16 Njoro wa Kasarani
Mbishi leo umetoka na nguvu. Lakini hiyo timu ya Amerika ya riadha, wale wasichana wanne wa kupokezana vijiti Rio 2016 waliochukua dhahabu, watatu wao walipata matatizo makubwa ya uzazi. Allyson Felix alipata presha ya mimba 2018 mtoto akatolewa mapema. Tianna Bartoletta pia aliona moto. Na Tori Bowie alikufa 2023 akiwa na mimba ya karibu miezi minane, ripoti ikataja kifafa cha mimba kama kitu kinachowezekana. Hao walikuwa na miguu ya chuma, hakuna mnene hapo. Sasa hoja ya unene iweke wapi?

#17 Mbishi wa Tegeta
Bowie alikutwa nyumbani kwake, peke yake. Hapo hospitali wana kosa gani?

#18 Mpemba Halisi
Kosa si hilo hilo, peke yake? Assalaam aleikum nyote. Nyinyi mnapigana na madaktari tu, mimi naona jambo jengine. Mjamzito wa miezi minane kwetu halali nyumba peke yake, hata mumewe akiwa kasafiri huletewa mtoto wa dada, wifi, somo, yeyote. Na akishajifungua arubaini nzima kuna mtu wa kumkanda maji moto, kumpikia uji wa pilipili manga, kumuangalia rangi ya macho. Huko Ulaya na Amerika mzazi anatolewa hospitali siku ya pili, mume anarudi kazini, mtu yumo ndani na kichanga na pazia zimefungwa. Akianza kuvimba uso nani atamuona?

#19 Mzee wa Takwimu
Mpemba umegusa penyewe bila kujua. Kamati za Marekani zinazochunguza vifo hivi zilipitia vya 2017 hadi 2019 zikakuta zaidi ya nusu, asilimia 53, vilitokea kuanzia wiki moja baada ya kujifungua hadi mwaka. Na zikasema zaidi ya asilimia 80 vingezuilika. Wengi wanakufa wakiwa wamesharuhusiwa kurudi nyumbani, sio leba.

#20 Mpemba Halisi
Bila kujua? Najua vizuri tu, ndo nimeandika 😄

#21 Nesi Zai
Na mfano wake ni Shalon Irving. Huyu alikuwa mtafiti wa hao hao CDC, ana PhD, kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi ubaguzi na maisha magumu vinavyoharibu afya. Alijifungua Januari 2017. Akarudi kwa wahudumu wa afya mara kadhaa na presha ya juu, mguu umevimba, hajisikii vizuri, akawa anarudishwa nyumbani. Alikufa wiki tatu baada ya kujifungua. Alikuwa na bima, elimu, na mama yake mzazi alikuwa naye ndani ya nyumba. Mpemba hapo unasemaje, mtu wa kumwangalia alikuwepo.

#22 Mpemba Halisi
Innalillahi. Hapo sina neno.

#23 Profesa Uchwara
Watu wanasahau historia. Gainakolojia ya Marekani imejengwa juu ya migongo ya watumwa. J. Marion Sims, wanamwita baba wa fani, miaka ya 1840 kule Montgomery, Alabama, aliwapasua wanawake watumwa wenye fistula bila ganzi, tena mara nyingi nyingi. Majina matatu yanajulikana: Anarcha, Betsey na Lucy. Sanamu yake ilisimama New York hadi Aprili 2018 ndo ikaondolewa. Sasa unategemea mweusi wa huko aende kliniki kwa raha?

#24 Mbishi wa Tegeta
1840 na presha ya mama wa Dallas wa leo vinakutana wapi? Profesa umetuletea makumbusho.

#25 Profesa Uchwara
Vinakutana kwenye ile ngozi nene aliyoitaja Nesi Zai #11. Imani ile haikuzuka juzi.

#26 Mama Furaha (Louisville)
Bonjour ba ndugu. Miye ni Mucongomani wa Bukavu. Musiseme tu ubaguzi. Munganga wangu alikuwa mwanamuke muzungu, muzuri kabisa. Shida ilikuwa kutafsiri. Siku ya kwanza waliniletea papa moja wa mu kanisa yetu, ndiye anafanyaka kazi ya kutafsiri pale. Sasa nitamuambia namna gani mambo ya huku chini, natoka maji, nasikia moto nikienda kukojoa, na siku ya Mungu tunakaa naye kiti moja? Nikasema niko muzima. Wakaandika niko muzima. Nikarudi nyumba na homa. Kiisha mama moja Murundi akanifundisha: omba mwanamuke, omba wa kwa simu asiyekujua. Ndiyo nikasema yote.

#27 Nesi Zai
Pole sana mama. Na wengine sikilizeni: hospitali yoyote inayopokea hela ya serikali kuu inatakiwa ikupe mkalimani bure, mzizi wake ni sheria ya haki za raia ya 1964. Usikubali mtoto wako wa darasa la sita ndo atafsiri. Wala mume. Kuna mambo mke hawezi kusema mume akiwa anatafsiri, Baba Kijacho usijisikie vibaya.

#28 Baba Kijacho
Mimi nishazoea, kwanza Kiingereza chake kizuri kuliko changu.

#29 Mkunga wa Zamani (Mwanza)
Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Nimezalisha miaka mingi, nimestaafu. Msije mkawadanganya vijana kwamba nyumbani ni peponi. Sisi wenyewe weusi kwa weusi tumewatukana wazazi leba. "Ulipokuwa unafurahia ulituita?" Nani hajawahi kuisikia hiyo? Wengine walipigwa mapajani ili wasukume. Mama wa kijijini mwenye kanga iliyochakaa alikuwa anasubiri benchi na mke wa bwana mkubwa anapita. Hapo rangi ni moja. Kwa hiyo kudharauliwa leba kuna njia nyingi, Marekani wameichagua rangi.

Ila tumesogea. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulitoa vifo 104 kwa vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulikuwa 556.

#30 Njoro wa Kasarani
Mama mkunga shikamoo. 556 hadi 104 kwa miaka saba? Hiyo lifti gani? Sisi Kenya sensa ya 2019 ilitupa 355 na tunajiona tunajikaza.

#31 Mkunga wa Zamani
Marahaba mwanangu. Hiyo ni hesabu ya kuuliza kaya, ina mipaka yake mipana, siwezi kukuapia kila namba. Lakini wodini niliona kwa macho: magari ya kubeba wajawazito, vituo vya afya vyenye vyumba vya upasuaji, damu inapatikana.

#32 Mbishi wa Tegeta
Kwa hiyo Marekani weusi 50 na Bongo 104, na mnalalamika mkiwa kwenye 50. Rudini basi.

#33 Dada wa Peckham
Huu ndo ubishi wa kijinga sasa. Mama mweusi wa Texas halinganishwi na wa Tegeta, analinganishwa na mzungu aliyelala kitanda cha pili, hospitali ile ile, mashine zile zile.

#34 Mzee wa Takwimu
Hospitali ile ile? Hapo pia pana shida. Weusi wengi huko wanazalia hospitali chache zenye huduma duni, wazungu wa mji huo huo wanazalia nyingine. Sehemu ya pengo iko hapo, sio ndani ya chumba kimoja.

#35 Wanjiru Mpole
Mimi nilizaa wa kwanza Nairobi kwa CS, wa pili nikazalia Amerika. Nikamwambia daktari nataka kujaribu kawaida. Akafungua kompyuta akaingiza umri, urefu, uzito, halafu akabofya mahali pa rangi. Asilimia ikatokea, akasema naona chansi yako ni ndogo, tupange tarehe ya kisu. Baadaye nikaja kujua kile kikokotoo kilikuwa kinakata alama ukiwa mweusi au Mlatino. Walikirekebisha 2021 wakatoa hilo swali la rangi. Lakini mimi tayari niko na alama mbili tumboni.

#36 Kanga Moja
Yaani kompyuta yenyewe imefundishwa 🙆🏾‍♀️

#37 Mbishi wa Tegeta
Wanjiru pole, hiyo sikuijua. Lakini kikokotoo kilikuwa kinasoma yaliyotokea nyuma, hakikutunga.

#38 Wanjiru Mpole
Na yaliyotokea nyuma yalifanywa na nani? Na hao hao waliokuwa wanatukimbizia kisu.

#39 Profesa Uchwara
Dawa ni rahisi, watafuteni madaktari weusi. Kuna utafiti wa Florida wa 2020 ulionyesha kichanga mweusi akihudumiwa na daktari mweusi, pengo la vifo kati yake na kichanga mzungu linapungua karibu nusu.

#40 Mzee wa Takwimu
Profesa rudi nyuma. Data zile zile zilipitiwa upya 2024, wakaingiza uzito wa watoto waliozaliwa wadogo kabisa, chini ya kilo moja na nusu, na ile faida ikayeyuka karibu yote. Watoto mahututi hupelekwa kwa mabingwa, na mabingwa wengi ni wazungu, ndo maana wazungu walionekana wanapoteza wengi.

#41 Mbishi wa Tegeta
Mzee wa Takwimu nakununulia soda.

#42 Profesa Uchwara
Haijafuta kwamba mgonjwa anaongea vizuri zaidi na mtu wa kwao.

#43 Mama Furaha (Louisville)
Mie wa kwetu ndiye aliyenifunga kinywa.

#44 Kiroboto
Profesa amekaangwa pande zote mbili 😂😂

#45 Nesi Zai
Niwape cha wodini. Huku kila mzazi akishajifungua analetewa jagi la maji yamejaa barafu, ndo utaratibu. Mama wa Kisomali, wa Kikongo, wa kwetu, anaangalia lile jagi hagusi, kwa sababu amefundishwa mzazi hanywi cha baridi. Nesi mgeni anaandika mgonjwa hanywi. Zamu ya pili anaona karatasi, anaagiza dripu. Mama akiona dripu anajua hali yake mbaya, anapiga simu nyumbani analia. Mimi nikiingia zamu naleta maji ya moto kwenye kikombe cha karatasi na majani ya chai, anamaliza vikombe viwili. Wala haikuhitaji semina.

Ila lipo gumu kuliko maji. Kisu. Wasomali wengi hapa wanakiogopa mno. Hoja zao ni za maana, mtu anataka watoto wengi na anajua kila kisu kinapunguza idadi. Daktari akisema mapigo ya mtoto yanashuka wao wanasema tusubiri, tuombe, tumuulize mzee. Daktari anaona wakaidi. Wao wanaona anataka kukata mapema kwa sababu ni wao. Nimeshuhudia yakiisha vizuri na nimeshuhudia yakiisha vibaya. Yanapoisha vizuri mara nyingi kuna mtu aliwaeleza wiki nyingi kabla, sio saa ile wanaletewa fomu ya kusaini.

#46 Mbishi wa Tegeta
Sasa hapo umeongea la maana. Lakini maji ya moto hayazuii kuvuja damu dada.

#47 Mkunga wa Zamani
Hayazuii. Kinachozuia ni kuipima. Tulikuwa tunakadiria damu kwa macho, na macho yanadanganya. Kuna utafiti, E-MOTIVE, ulifanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, ukatoka 2023. Wanaweka mfuko wa plastiki wenye mistari chini ya mama, damu ikifika mstari unaanza matibabu yote kwa pamoja, husubiri kimoja kishindwe. Matatizo makubwa ya kuvuja damu yakapungua kwa asilimia 60. Mstari wa plastiki haujui huyu mke wa nani wala rangi gani.

#48 Mzee wa Takwimu
Naongezea California. Tangu 2006 walianza kuweka taratibu za namna hiyo hospitali zao, vifo vikapungua zaidi ya nusu hadi 2013, wakati nchi nzima inapanda. Weusi nao walishuka. Lakini pengo kati yao na wazungu lilibaki. Kwa hiyo mstari wa plastiki unaokoa, ila kuna kitu haukifikii.

#49 Dada wa Peckham
Kinaitwa kusikilizwa.

#50 Mbishi wa Tegeta
Kinaitwa presha.

#51 Njoro wa Kasarani
Kinaitwa bima. Tuendelee hivyo hivyo hadi kesho.

#52 Kanga Moja
Baba Kijacho wewe mtu wa Moshi wa wapi? Mtori utautoa wapi Dallas? Mwenzio anazaa unampa pizza?

#53 Baba Kijacho
Maduka ya Walatino yana ndizi za kijani kibao, nyama ipo. Mama mkwe ndo alitakiwa aje apike, ubalozini wamemnyima viza. Alivaa vizuri, ana barua, wakamuuliza swali moja tu: mwanao anazaa lini. Akajibu. Wakamrudishia pasipoti.

#54 Kiroboto
Kuna uzi wa viza kule juu, watu walishalia hadi machozi yakaisha.

#55 Mpemba Halisi
Ndo hapo sasa. Wanamzuia mkandaji halafu wanashangaa mzazi yuko peke yake.

#56 Nesi Zai
Kama mama mkwe hapati, tafuta dula. Sio mkunga, hazalishi, kazi yake ni kukaa na mzazi, kumsemea, kumkumbusha maswali. Majimbo kama Oregon na Minnesota yalitangulia kuwalipa kupitia Medikedi, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, mengine yamefuata. Wapo dula wanaoongea Kiswahili kwenye miji yenye Wakongo wengi. Na kama mko kwenye Medikedi, Texas tangu Machi 2024 mama anabaki na bima mwaka mzima baada ya kujifungua, zamani ilikatika siku ya sitini. Itumieni.

Halafu muulizeni daktari habari ya aspirini ya dozi ndogo ya kuzuia presha ya mimba. Hupewa wenye vihatarishi, na mimba ya kwanza ni kimojawapo. Kwa kawaida huanzwa baada ya wiki ya 12, na kabla ya wiki ya 16 ndo inafaa zaidi, mmeshachelewa kidogo ila muulizeni hivyo hivyo. Msiinunue wenyewe mkaanza kumeza.

#57 Mbishi wa Tegeta
Mnaona? Mwongozo wenyewe wa aspirini unataja weusi kama kihatarishi. Nilisema mwili.

#58 Nesi Zai
Mwongozo huo huo, wa 2021, umeandika wazi kwamba weusi wametajwa kwa sababu ya ubaguzi na mazingira wanayoishi, sio maumbile. Soma mpaka chini Mbishi.

#59 Mbishi wa Tegeta
Kwa hiyo aspirini inatibu ubaguzi?

#60 Kiroboto
😂😂😂 mods msifunge uzi huu

#61 Profesa Uchwara
Kuna mtafiti anaitwa Arline Geronimus, tangu 1992 anasema mwili wa anayeishi na mashaka ya kila siku unazeeka kabla ya umri wake, mishipa, moyo, homoni. Kwa hiyo Mbishi na Nesi Zai wanaweza kuwa wanasema kitu kimoja, presha ipo mwilini lakini imeingizwa na maisha.

#62 Mbishi wa Tegeta
Mimi na Nesi Zai kitu kimoja? Usinivunjie heshima.

#63 Nesi Zai
Wala mimi.

#64 Baba Kijacho
Asanteni wote. Wife kasoma uzi mzima, kacheka sana kwa Mbishi. Sasa naomba la vitendo, akisharudi nyumbani niangalie nini?

#65 Mkunga wa Zamani
Kichwa kinachouma hakiachi. Kuona nyota au ukungu. Uso na mikono kuvimba. Maumivu juu ya tumbo upande wa kulia, chini ya mbavu. Kukosa pumzi, kifua kubana. Mguu mmoja kuvimba na kuuma. Homa. Pedi kulowa ndani ya saa moja. Degedege. Na akikwambia ana mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, hayo nayo ni hatari, usimwambie asali tu. Ukifika mapokezi sema neno la kwanza "amejifungua juzi", kabla hata ya jina, maana wengine humtibu kama mgonjwa wa kawaida tu.

#66 Nesi Zai
Na nunua mashine ya presha. 140 kwa 90 piga simu kliniki siku hiyo hiyo, 160 kwa 110 ni dharura, usisubiri asubuhi.

#67 Baba Kijacho
Ya mkononi kama saa inafaa? Nimeona iko nusu bei.

#68 Nesi Zai
Hapana, chukua ya kufunga juu ya kiwiko. Na pima mzingo wa mkono wake kwanza, ule mkanda ukiwa mdogo kwa mkono wenyewe unatoa presha ya juu ya uongo.

#69 Mbishi wa Tegeta
Kaa dakika tano kabla ya kupima, mgongo uegemee, miguu chini, mkono uwe usawa wa moyo. Na asiongee. Mama yangu ana presha, hiyo naijua.

#70 Kanga Moja
Asiongee? Mchaga?